Gunia la dagaa linalopita Mbeya, na walaji wake wa kwanza baharini

Malori yanayobeba dagaa wa baharini hupanda Kitonga, yakapita Iringa na Makambako, yakashusha sehemu ya mzigo Mbeya, kisha yakaendelea Tunduma kuelekea Zambia na Kongo. Dagaa hao wametoka Mafia, Kilwa, Bagamoyo au Unguja. Wamechemshwa kwenye maji ya chumvi hadi macho yakageuka meupe, wakaanikwa juani, wakafungwa. Sokoni Mwanjelwa au Soweto hupimwa kwa sado na kuhesabiwa kama kitoweo cha bei nafuu. Huko walikotoka, hata hivyo, wana wateja waliotutangulia: jodari, nguru, kolekole, mzia, sulisuli, ngisi, pomboo na ndege wa baharini. Anayetaka kuelewa kwa nini nguru ni ghali aanzie kwenye gunia la dagaa.

Kwanza jina. Dagaa si samaki mmoja. Wale wa baharini wembamba wanaoitwa dagaa mchele ni wa jenasi za Stolephorus na Encrasicholina, na kwenye gunia hilohilo utakuta Spratelloides na saladini wachanga. Dagaa wa Kigoma, Stolothrissa na Limnothrissa, ni wa ukoo mmoja na saladini. Mababu zao walitoka baharini. Usipa wetu wa Kyela, Engraulicypris sardella, hana undugu nao kabisa. Yeye na dagaa wa Mwanza ni samaki wa maji baridi tangu asili, tena ni ndugu wa mbasa, samaki mkubwa wa Ziwa Nyasa ambaye humla usipa. Kinachowaunganisha wote ni kazi: wana miili midogo, maisha mafupi ya mwaka mmoja hivi, huogelea kwa makundi makubwa na hula planktoni, yaani vijidudu na vijimea vinavyoelea majini.

Kazi hiyo ndiyo kiini cha mambo. Chini yao wapo planktoni wa aina elfu nyingi. Juu yao wapo walaji wa aina mamia. Katikati, katika sehemu nyingi za bahari, wapo samaki wa aina chache tu lakini kwa wingi usio na kifani, na karibu chakula chote kinachopanda juu hupitia matumboni mwao. Wanasayansi wa bahari wameuita mpango huu kiuno cha nyigu: pana juu, pana chini, chembamba katikati. Jodari hana namna ya kula planktoni moja kwa moja. Lazima mtu amkusanyie kwanza.

Ukusanyaji huo una gharama. Hesabu inayotumika sana ni ya asilimia 10: katika kila ngazi ya ulaji, takribani sehemu moja ya kumi ndiyo inayogeuka kuwa mwili wa mlaji, na iliyobaki huishia kwenye kuogelea, kupumua, joto na kinyesi. Kwa hiyo kilo 1 ya jodari imesimama juu ya kilo 10 hivi za dagaa au mfano wake, na kilo 100 za planktoni wanyama, na kilo 1,000 za planktoni mimea. Hesabu hii hutumiwa vibaya mara nyingi. Ni wastani wa uzalishaji wa ngazi nzima kwa ngazi nzima, na katika bahari halisi huweza kuwa nusu au mara mbili ya hapo. Usiichukue kumpimia samaki mmoja.

Kwa samaki mmoja ipo hesabu nyingine. Jodari wa mapezi ya njano amekadiriwa kula takribani asilimia 4 ya uzito wake kwa siku. Mwenye kilo 30 basi hula kilo 1.2. Ukimlisha dagaa wabichi wa gramu 2 kila mmoja, ni dagaa 600 kwa siku, na kwa mwaka ni kilo 438. Dagaa akikaushwa hupoteza kama robo tatu ya uzito, kwa hiyo hizo ni sawa na kilo 110 hivi za dagaa wakavu: magunia mawili ya kilo 50 na ushee, kwa samaki mmoja ambaye bado hajafika ukubwa wake kamili. Hula hivyo kwa sababu hapumziki. Hana namna ya kusukuma maji kwenye mashavu akiwa amesimama, ni lazima aogelee mdomo wazi usiku na mchana, tena misuli yake huwa na joto kuliko maji yanayomzunguka. Injini ya namna hiyo inameza mafuta.

Kama unataka kujua samaki anakula nini bila kumpasua, fungua mdomo na uinue kifuniko cha shavu. Hili unaweza kulifanya kwenye meza yoyote ya samaki wa barafu Mbeya. Kila tao la shavu lina pande mbili: upande wa nje una nyuzi nyekundu za kupumulia, upande wa ndani una vijiti vigumu vinavyoelekea kooni. Vijiti hivyo ni kichujio. Kwa kibua wa Bahari ya Hindi, Rastrelliger kanagurta, vijiti ni virefu kama manyoya na vimesongamana, vinaonekana hata kwa kufungua mdomo tu. Huyo huchuja planktoni. Kwa nguru, vijiti ni vifupi na vichache, pengine havifiki kumi kwenye tao la kwanza, lakini taya lina meno ya pembetatu makali kama wembe. Huyo hukamata samaki na kuwakata. Jodari ana vijiti vya kiasi na meno madogo yasiyokata, kwa hiyo humeza mzima, na upana wa koo ndio unaompangia ukubwa wa mlo. Ndiyo maana jodari wa zaidi ya mita moja bado anashiba kwa vitu vya sentimita chache. Watu hushangaa, lakini mdomo wake umejengwa hivyo.

Jambo la tumbo lina undani zaidi. Tatizo la kwanza kwetu wa nyanda za juu ni kwamba nguru na jodari wengi hufika wakiwa wametolewa utumbo tangu pwani, na hiyo ni sawa kwa usafi. Samaki mzuri wa kufanyia mazoezi ni mbasa mzima kutoka Matema au Itungi, au kibua ambaye hajapasuliwa. Vifaa ni vya jikoni: kisu kikali, uzi, mizani ya kupima gramu, chujio la chai, sahani nyeupe na lensi ya kukuzia.

Pasua kutoka tundu la haja hadi chini ya mashavu, kwa kina kidogo, ncha ya kisu ikielekea juu ili usitoboe viungo. Kwa samaki wa aina ya nguru au kibua, mfuko wa tumbo ni kile kiungo chenye ukuta mnene kinachoanzia kooni. Funga uzi pande zote mbili, kooni na pale utumbo unapoanza, kabla ya kukata. Usipofunga, nusu ya ushahidi inamwagika. Pima mfuko ukiwa umejaa. Upasue juu ya chujio, suuza taratibu, kisha pima ngozi ya mfuko ikiwa tupu. Tofauti ya vipimo viwili ndiyo uzito wa chakula. Mwaga kilichobaki kwenye sahani yenye maji kidogo na uanze kutenganisha.

Samaki mzima ni rahisi. Ugumu ni uji. Hapo hutafutwa vitu vigumu: uti wa mgongo, ambao pingili zake huhesabiwa, lensi ya jicho, ambayo hubaki kama ushanga mweupe, mdomo wa ngisi, mweusi na uliojipinda kama wa kasuku, na mawe ya sikio. Kila samaki wa mifupa ana vijiwe vyeupe ndani ya fuvu, chini ya ubongo, na umbo lake hutofautiana kwa kila aina ya samaki. Kwa dagaa, jiwe hilo ni la milimita moja au mbili, kwa hiyo chujio lenye matundu makubwa hulipitisha na wewe ukaandika kwamba samaki hakula dagaa. Kosa hili ni la kawaida kabisa.

Makosa mengine ni ya hila zaidi. Vimeng'enya vya tumbo havifi samaki anapokufa. Visipopozwa kwa barafu mara moja huendelea kusaga, na dagaa mwororo huyeyuka ndani ya saa chache wakati mdomo wa ngisi hukaa siku nyingi ukilimbikizana na mingine. Matokeo yake ni kwamba ngisi huonekana wengi kuliko walivyoliwa, na dagaa wachache kuliko walivyoliwa. Chewa au changu aliyevutwa haraka kutoka kina kirefu hutapika, kwa sababu kibofu chake cha hewa hutanuka. Lile puto linalotokeza mdomoni ni mfuko wa tumbo wenyewe uliogeuka ndani nje. Samaki wa mshipi huweza kuwa na chambo tumboni, na chambo hutambulika kwa mkato ulionyooka wa kisu. Samaki waliovuliwa chini ya taa, iwe karabai au taa za sola, huwa wamejaa dagaa kupita kawaida yao, maana taa imewakusanya dagaa na walaji wamefuata. Na uduvi utakaowakuta pengine hawakuliwa na huyo nguru. Walikuwa ndani ya tumbo la dagaa aliyeliwa na nguru.

Halafu kuna namna ya kuhesabu, ambapo hata wasomi hugombana. Chukua tumbo lenye uduvi 200 wa gramu 0.1 na kibua mmoja wa gramu 80. Kwa idadi, samaki huyu ni mla uduvi kwa zaidi ya asilimia 99. Kwa uzito, asilimia 80 ya mlo wake ni kibua. Majibu yote mawili ni sahihi na kila moja peke yake linadanganya. Ndiyo maana huandikwa vitu vitatu: idadi, uzito, na ni matumbo mangapi kati ya yote yaliyokutwa na chakula hicho. Tumbo moja halisemi lolote zaidi ya mlo wa mwisho. Yanahitajika makumi, yaliyochukuliwa wakati wa kusi na wakati wa kaskazi, kutoka samaki wadogo na wakubwa, na yale matupu nayo huhesabiwa. Maabara huongezea kipimo cha naitrojeni kwenye nyama: naitrojeni nzito, yaani ile yenye atomi nzito kuliko ya kawaida, huongezeka kwa takribani sehemu 3.4 katika elfu kila unapopanda ngazi moja ya ulaji, na hiyo hueleza mlo wa miezi badala ya mlo wa jana.

Kazi hii ya kuchosha imesahihisha mengi yaliyodhaniwa kwa macho. Pomboo huonekana wakifukuza samaki juu ya maji, na rahisi ni kudhani hicho ndicho chakula chao. Matumbo ya pomboo waliokufa kwenye nyavu za kutega huko Unguja, yaliposomwa kwa mawe ya sikio na midomo ya ngisi, yalionyesha samaki wa aina nyingi sana, na aliyeongoza alikuwa Uroconger lepturus, mkunga wa chini kabisa kwenye tope. Jodari wa mbali na pwani naye hali dagaa mchele, maana dagaa mchele hakai huko. Katika magharibi ya Bahari ya Hindi matumbo ya jodari yamekutwa na kaa anayeogelea, Charybdis smithii. Na kamba mwenye mikono kama ya vunjajungu, Natosquilla investigatoris. Na samaki mdogo Cubiceps pauciradiatus. Majina hayo hayajulikani sokoni, na hakuna anayewavua viumbe hao. Lakini kazi yao kule ndani ni ileile ya dagaa huku pwani.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni papa potwe wa Mafia. Ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, huweza kupita mita 12, na mdomo wake ni mpana zaidi ya mita moja. Pale Kilindoni amechunguzwa akila, na maji anayoyachuja yamekutwa yamejaa Lucifer hanseni, jamii ya uduvi wembamba usiozidi urefu wa punje chache za mchele. Wageni humwona zaidi kati ya Oktoba na Machi, na kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba baadaye huhama. Vifaa vya kufuatilia vilivyofungwa mwilini vilionyesha kwamba wengi hubaki mwaka mzima, hawaonekani tu. Humohumo ndimo wanamovuliwa dagaa, na ndiyo sababu potwe hujikuta ndani ya nyavu za ringi mara kwa mara.

Nyangumi wenye nundu wanaopita pwani yetu kati ya Julai na Oktoba ni habari tofauti. Wamekuja kuzaa. Chakula chao kiko bahari ya kusini karibu na Antaktika, nacho ni krili, aina ya uduvi wa sentimita 6 hivi. Huku kwetu huishi zaidi kwa mafuta waliyobeba mwilini.

Sasa kiuno kikikatika? Peru ilivua zaidi ya tani milioni 12 za dagaa wao, anchoveta, mwaka 1970. Ikaja Elinino ya 1972 hadi 1973. Sisi Elinino tunaifahamu kwa mvua, lakini kule maana yake ni maji moto kufunika maji baridi yenye rutuba, planktoni kupungua na samaki kusogea pembeni na kusongamana, hivyo kuwa rahisi kuvuliwa wote. Mwaka 1973 walipata tani milioni 2 hivi. Ndege wa pwani ile, ambao kinyesi chao kiliuzwa kama mbolea dunia nzima, walikuwa wamekwisha kupungua kwa mamilioni. Maisha mafupi ya samaki hawa yana sura mbili: huongezeka haraka hali ikiwa nzuri, na huporomoka haraka vilevile, kwa sababu hakuna wazee wa miaka iliyopita wa kuziba pengo.

Namibia ilikwenda mbali zaidi. Saladini wao walivuliwa hadi tani milioni 1.4 hivi mwaka 1968, kisha wakaporomoka na hawakurudi vizuri. Nafasi yao ilichukuliwa na konyeza, wale viumbe laini kama jeli wanaoelea majini, na samaki wadogo wa chini wasio na mafuta mengi. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2006 yaliweka konyeza kwenye tani milioni 12.2 dhidi ya samaki tani milioni 3.6. Ndege waliozoea saladini walibaki na chakula cha kujaza tumbo tu: kipande kilekile, nguvu pungufu. Hapa wengi hukosea wakidhani kilo ya samaki ni kilo ya samaki. Mlaji anahesabu mafuta.

Kuna kipimo kimoja kinachofaa kukumbukwa. Mwaka 2011 jarida la Science lilichapisha uchambuzi wa aina 14 za ndege wa baharini kutoka sehemu mbalimbali za dunia, kwa data za miaka mingi. Samaki wadogo walipopungua chini ya theluthi moja ya wingi wao wa juu kabisa uliowahi kupimwa, uzazi wa ndege uliyumba. Juu ya theluthi, mambo yalikwenda. Tangu hapo watu husema theluthi moja iachwe kwa ndege, ingawa kipimo chenyewe ni cha ndege, na hakuna aliyethibitisha kwamba nguru au jodari wana mpaka huohuo.

Ziwa Nyasa si bahari, lakini mtu wa Kyela anaweza kuona mpango huohuo bila kwenda Mafia. Usipa hula planktoni na viluwiluwi vya wadudu wa ziwani, Chaoborus edulis, wale wanaopanda juu ya maji kama nguzo za moshi na kukusanywa kutengenezewa mikate. Viluwiluwi hivyo hushinda kina kirefu ambako oksijeni imekwisha na samaki hawafiki, kisha hupanda usiku. Usipa huliwa na mbasa na samaki wengine wepesi wa maji ya kati. Mwaka wa usipa wengi huweza kufuatwa na mwaka wa usipa haba bila mtu kukosea chochote, kwa sababu ni samaki wa mwaka mmoja. Mbasa ana mzigo wa ziada: lazima apande mito kama Ruhuhu kutaga mayai, na nyavu zikifunga mdomo wa mto, usipa kujaa ziwani hakumsaidii.

Mteja wa mwisho wa dagaa, ambaye hatajwi kwenye mijadala ya bahari, ni kuku wa Iringa na Mbeya. Dagaa walioharibika rangi au kupasuka matumbo huenda kwenye chakula cha kuku. Kupasuka tumbo kwenyewe kuna maana: dagaa alivuliwa akiwa ameshiba planktoni, akacheleweshwa kuchemshwa, na vimeng'enya vyake vikala ukuta wa tumbo. Wanaendelea kuwa na protini, ila hubomoka na kuoza upesi.

Mfugaji anayepunguza dagaa asiweke mashudu ya alizeti peke yake, kwani yana upungufu wa laisini, kijenzi kimoja cha protini. Soya ina laisini lakini methionini yake, kijenzi kingine cha protini, ni kidogo, na lazima ikaangwe au ipikwe kwanza kwa sababu mbichi huzuia kuku kusaga protini. Mchanganyiko wa viwili hivyo hupunguza hitaji la dagaa sana bila kulimaliza. Dagaa wakizidi asilimia 10 ya chakula, mayai huweza kunuka samaki. Dagaa wa baharini wamechemshwa kwenye chumvi, kwa hiyo usiongeze chumvi nyingine kabla ya kujua waliyonayo. Kinyesi cha majimaji na kuku kunywa kupita kiasi ndiyo dalili ya kwanza kwamba imezidi. Na kabla ya kulipa, saga konzi moja, itie kwenye glasi ya maji, koroga na usubiri dakika moja. Mchanga hutua chini kwanza, ukawa tabaka lake peke yake. Ukifika unene wa kidole, unanunua ufuko.